Nyanya Katikati ya Magitaa

Wiki jana nilikuwa kwa wakili mjini Kakamega, nikingoja hati yangu ya kiapo igongwe muhuri. Kando yangu alikaa mwanamuziki wa roki, binti wa Kabras, gitaa magotini. Mbele yake alisimama bwana wa kampuni ya kurekodi, kashika mkataba.

"Albamu ni nzuri," akasema bwana yule, "lakini huu wimbo wa mwisho tunautoa. Nyanya yako anaimba Kiluhya katikati ya magitaa. Nani ataelewa?"

"Kukhu alishazikwa. Sauti yake imebaki hapo tu."

"Usipotia sahihi, albamu haitoki."

"Basi isitoke."

Hakupandisha sauti. Alitoa simu, akauweka wimbo wenyewe. Magitaa yakanguruma mpaka karani akaziba masikio. Kisha ikaingia sauti ya bibi kizee, akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto, na karani akashusha mikono. Mama mmoja aliyekuja kwa kesi ya shamba akaanza kuitikia, macho amefumba, bila kukosea neno.

Bwana yule alimtazama mama, akatoka nje kupiga simu. Aliporudi alikata kifungu kimoja kwa kalamu.

"Wimbo unabaki," akasema.

"Asante," akajibu binti, kisha akausoma mkataba wote upya kabla ya kutia sahihi.

Mimi naona wenye kampuni za muziki wangefaa kufanyia mikutano yao kwenye mabenchi ya kungojea. Wateja wao wako huku, na wana nafasi ya kusikiliza.