Bwana Mwanga Luka, Mkazi wa Kijijini

Mhariri alitupigia simu waandishi wote wa mikoani: kuanzia wiki ile, hakuna kukesha na rekodi. Sauti apewe akili mnemba, habari ataandika yeye. Mimi hapa Bariadi, mvivu niliyekubuhu, nilimshukuru Mungu.

Habari yangu ya kwanza ilikuwa ya mkutano wa kijiji kimoja njia ya kwenda Lamadi, ambako pampu ya kisima ilikuwa imekufa. Aliyesema ya maana kuliko wote ni mama mmoja mkulima wa pamba. Alieleza jinsi watoto wanavyogombea dimbwi na ng'ombe, kisha akaniomba jambo moja tu: jina lake liandikwe, maana amechoka kuitwa "mwananchi mmoja".

Sasa, kwetu Usukumani asubuhi huongei kabla hujasalimia. Kila aliyesimama alianza na "Mwangaluka." Mashine ikaona huyo ndiye anayetajwa kuliko wote, kwa hiyo maneno ya mkutano mzima ikamtwisha yeye. "Bw. Mwanga Luka, mwenye ujauzito wa miezi minane, amesema mgongo unamuuma kwa kubeba ndoo." Sikusoma. Nilibonyeza kutuma, nikaenda kunywa chai.

Mhariri alisifu mno, akataka na picha ya huyo bwana.

Wiki chache baadaye ofisa wa maji akaja kijijini na pampu mpya kwenye gari, na barua ya makabidhiano: apokee na kusaini Bw. Mwanga Luka mwenyewe. Nilimweleza kwamba hiyo ni salamu tu, si mtu. Akanijibu kwa upole kwamba barua imeshapigwa muhuri. Kubadili jina ni kuanza mchakato upya, na pampu ingerudi nayo ghalani.

Ndipo yule mama akasimama.

"Mwanga Luka ni mimi," alisema.

Ofisa alimtazama, kitenge hadi kilemba, akaisoma tena ile "Bw.", akampa kalamu. Mama akainama juu ya karatasi, akasita, akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Ng'wanawane, mwanangu," aliniuliza, "hilo jina linaandikwaje?"

Nikamtajia, herufi moja moja.