Sanda ya Bawa la Ndege

Wanaosifu uzuri wa ndege za zamani huwa nawaacha waseme. Ya kwanza niliyoiona mimi ilimuua kaka yangu.

Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Mjerumani kwetu Uluguru. Kaka, tumbo moja na mimi, alishuka Mkuyuni kuuza ndizi siku ambayo askari wa Mjerumani walikuwa wametua mizigo yao pale sokoni. Ndege ya adui zao ikaja chini chini, mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, ikaangusha bomu. Askari walipona wote. Waliokufa ni wachuuzi. Kaka alirudishwa kwetu Kinole kwa machela, maiti isiyo na miguu.

Kabla ya machela kufika, ndege ileile ilizimika injini ikaangukia migomba juu ya kijiji chetu. Mzungu wake alitoka mzima, akakimbilia msituni. Mimi nilipomwona kaka niliwaza jambo moja tu: sanda. Vita vilikuwa vimemaliza nguo madukani, watu tulivaa magunia. Nikapanda na kisu, nikalichuna bawa la chini, maana mabawa yale yalivikwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa kigumu, kinanuka rangi, lakini kilitosha. Mjomba, mkubwa wa ukoo, alinung'unika kwamba hiyo ni nguo ya muuaji.

"Basi na alipe, mjomba," nilimjibu. Tukazika jua likiwa bado lipo.

Asubuhi askari wa Mjerumani walikuja kuichukua ndege. Walipoona bawa limechunwa, walimlaza mjomba kifudifudi, wakaanza kumchapa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Kitambaa kiko wapi? Tukisema, watafukua kaburi. Mjomba aliuma mchanga, damu inaruka. Nilikuwa nafungua mdomo niseme.

"Mwacheni mzee, nimekiiba mimi!"

Alikuwa mtani wa ukoo wetu, yuleyule aliyechimba kaburi la kaka kama mila inavyomtaka, huku akimtukana marehemu ili tucheke. "Nimekishona suruali, ikanibana, nikaichoma moto."

Wakamlaza yeye. Kila kiboko kilipotua alitania: mara askari hana nguvu, mara kwake mkewe humchapa vizuri zaidi. Wakaghadhibika, wakaacha viboko, wakampiga kwa vitako vya bunduki mpaka mbavu zikalia. Kisha wakaondoka na vyuma vyao. Kaburi hawakuligusa.

Alifariki siku ya tatu. Mtani huzikwa na watani wake, na watani wake ni sisi. Mjomba hakuweza kusimama, na vijana wa ukoo walikuwa wameswagwa kubeba mizigo ya vita. Nikashuka kaburini mimi mwanamke, nikampokea ndani ya mkeka. Watu wakanisubiri nimtanie. Nilitaka kulia. Niliwachukia askari, na nafsi yangu niliichukia zaidi, kwa kuwa kisu kilikuwa changu.

"Mvivu mkubwa wewe," nikamwambia. "Kazi yote umeniachia mimi."

Wakacheka, kama inavyotakiwa. Nami nikacheka kwa sauti, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, nikaendelea kucheka hata wenzangu waliponyamaza, mpaka wakanishika mikono kunitoa.