Karatasi ya Tumaini Chini ya Mapeasi

Ndiyo, ni mimi. Yule mama wa Mgwashi aliyeonwa na soko zima la Bumbuli amesimama juu ya lori na gagulo, huku lori lenyewe linatembea, ni mimi na si mwingine, na wale wanaosema gagulo lilikuwa na tundu nyuma wanasema kweli, lilikuwa nalo. Mpaka leo wapo watu nikipita njiani wanajifanya wamebanwa na kikohozi. Nawaacha wakohoe. Ila kama ni kucheka, basi chekeni mkijua mambo yalivyokuwa, maana wengi wenu mnasimulia mwisho tu.

Mimi na mume wangu Samweli tulikaa miaka mingi bila mtoto, na kwetu mwanamke asiye na mtoto huitwa mke wa fulani mpaka anazeeka. Basi nikawa "mke wa Samweli", kanisani, shambani, kisimani, kila mahali. Tumaini tulimpata akiwa mchanga. Mama yake alifariki siku ya kujifungua, na baba yake, jirani yetu, alijaribu kumlea akashindwa, akaja jioni moja amemfunika kwa koti lake, akasema, "Mchukueni awe wenu kabisa, mimi kifua hiki hakinifikishi mbali." Tukaenda naye Lushoto ofisini, akaweka dole gumba kwenye karatasi inayosema mtoto ni wetu, karani akagonga muhuri, na mimi nikarudi nyumbani nikiwa Mama Tumaini. Yule baba hakuishi sana baada ya hapo, Mungu amrehemu.

Mambo yakawa shwari mpaka miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu waliokuwa mbali wakawa wanarudi kwao kuandikishwa, na mmoja wao alikuwa Zakaria, mdogo wa marehemu, ametoka kwenye mashamba ya mkonge. Huyu bwana miaka yote hakuleta hata kipande cha sabuni. Sasa anakuta msichana mkubwa, anachota maji, anajua kulea, na baada ya muda si mrefu ni wa kuposwa, akakumbuka kwamba ana ukoo. "Damu yetu hailelewi nje," akasema, akatupeleka kwenye baraza la usuluhishi. Na mimi hakuniita Mama Tumaini hata siku moja. Usoni pangu kabisa, mke wa Samweli.

Baraza lilipangwa siku ya soko, kwa sababu siku hiyo watu wanateremka hata hivyo. Asubuhi kukawa na manyunyu, yale ya kwetu yasiyoisha, na Samweli akaniambia, "Mama Tumaini, nipe hiyo karatasi niiweke mfukoni."

"Mfuko upi," nikamwuliza, "huo unaodondosha hata ugoro?" Akaupapasa mfuko, kidole kikatokeza chini.

Sasa kosa lilianzia hapa. Mwanamke wa kwetu hateremki sokoni mikono mitupu, ni aibu, na mapeasi yangu yalikuwa yameiva hayangojei juma lingine, nikasema nijaze tenga, niuze, halafu niende barazani. Na kwa kuwa chini ya tenga huwa tunatandika majani ya migomba mara mbili (hakuna mvua inayofika huko, muulizeni mtu yeyote), nikailaza karatasi katikati ya majani, mapeasi juu yake. Nikajiona nina akili kuliko mkoa mzima.

Tulipofika, Samweli na Tumaini wakatangulia ofisini, mimi nikaenda kwa Bi Mwajuma, mchuuzi wa Magoma ambaye hununua matunda kwetu na kuyashusha bondeni. Desturi mnaijua: hatumwagi matunda yakapondeka, mnunuzi anachukua na tenga lake, anakupa tupu, siku ya soko lingine unarudishiwa la kwako. Nimefanya hivyo tangu usichana, mikono yangu inafanya yenyewe bila kuniuliza. Nilipanga kuitoa karatasi kwanza, nawaapia, ila wakati ule ule akapita Zakaria na shati lililopigwa pasi, akanitazama, akatabasamu, na hasira ikanipanda kichwani ikafukuza kila kitu kingine kilichokuwamo. Nikatoa tenga, nikapokea tenga, nikaondoka.

Barazani nikaingia kifua mbele, nikawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja. Mwenyekiti, mzee mtaratibu mwenye miwani, akauliza, "Mama, hiyo karatasi mnayo?"

"Ninayo, mzee wangu," nikasema, kwa sauti ya kumfikia Zakaria, nikaweka tenga juu ya meza, nikapeleka mkono chini, mkono haukukuta jani. Nikaona labda limejikunja pembeni, basi badala ya kufikiri kama mtu mzima nikalipindua tenga mbele ya baraza zima. Vikamwagika vichwa vya dagaa, magamba na chumvi, vikatua juu ya makaratasi ya mwenyekiti, vingine kwenye kikombe chake cha chai. Kumbe tenga nililopewa ndilo Bi Mwajuma alilopandishia samaki wakavu kutoka bondeni asubuhi ile.

"Mke wa Samweli ametuletea kitoweo," Zakaria akasema, na ukumbi ukacheka, na waliokuwa wanachungulia dirishani wakacheka zaidi. Samweli akainamisha kichwa. Mimi sikucheka wala sikulia, nilimtazama Tumaini, nikachukua tenga la watu nikatoka mbio.

Lori la kwenda bondeni lilikuwa limeshapakiwa. "Bi Mwajuma, tenga langu lipi?"

"Shoga, tenga ni tenga," akanijibu, "yote yametoka huko huko kwenu milimani. Ngoja juma lijalo."

Juma lijalo mtoto wangu angekuwa anapika kwa Zakaria. Nikapanda. Kanga yangu ikanaswa kwenye ndoano ya bodi, ikabaki huko inapepea, nami sikurudi kuifuata, nikaanza kumwaga tenga moja, la pili, nachambua majani, mapeasi yanaruka nje yanaviringika mteremko wote wa soko, watu wanayaokota, mbuzi wanayaokota, Bi Mwajuma anapiga kelele ameshika kichwa. Dereva, ambaye alikuwa ameketi mbele na hajui lolote, akasikia kelele akadhani anaambiwa aondoke. Akaondoka.

Hapo ndipo mliponiona. Nilisimama katikati ya mapeasi na gagulo langu, nimekumbatia tenga, lori linashuka, Tumaini anakimbia pembeni analia "Mama, mama," na baraza zima limetoka uani kutazama. Zakaria naye alikuwa ametoka ili acheke vizuri, lakini lori lilipoyumba kwenye kona nikapepesuka kuelekea bondeni, kicheko kikamkauka, na ni yeye, si mwingine, aliyepaza sauti kuliko wote. "Mgosi, simamisha gari! Mama Tumaini ataanguka!"

Lori likasimama. Nikaanguka kweli, lakini ndani, juu ya mapeasi, na karatasi sikuiona.

Mwenyekiti akajikung'uta magamba kwenye mkono wa shati, akasema bila haraka, "Ndugu Zakaria, umemwita nani?"

"Nimesema tu asianguke, mzee."

"Umemtaja. Sote tumesikia." Akavua miwani akaifuta. "Karatasi itafutwe, ikija tutaisoma. Leo mtoto anarudi nyumbani na mama yake, na mama yake ni nani umetuambia wewe mwenyewe."

Tumaini akapanda akanifunga kanga kiunoni, ananifunga huku anacheka na machozi yanamtoka, nami nikamwambia akaze fundo.

Bi Mwajuma alinitukana mpaka akachoka, alikuwa na haki, na msimu ule mapeasi yangu mengi yaliishia kwake bure. Juma lililofuata akaja na tenga langu. Lilikuwa chini kabisa ya mzigo, pale ambapo sikufika. Karatasi ilikuwa ndani ya majani yake, imelowa kona moja, inanukia mapeasi, na dole gumba la marehemu likiwa pale pale. Baraza likaisoma, likamaliza. Zakaria mpaka leo ananiita Mama Tumaini, akirudia lile jina la zamani watu wanamwuliza kama ameona lori.

Basi nimejifunza. Tenga siligawi tena bila kulipindua kwanza, na karatasi ile sasa inakaa ndani ya sanduku, na ufunguo ninao shingoni. Hilo naapa. Lakini mkitaka niape kwamba sitapanda tena lori na gagulo mbele ya watu, hapo mtanisamehe. Aje mwingine kumdai mwanangu, na lori liwepo, mtaniona tena juu. Tundu nimeshashona.