Bili ya Umeme ya Kisiwa Kisicho na Umeme

Shangazi yangu ndiye muuguzi pekee kisiwani kwetu. Watu wanamwita Nyuzi Nane, kwa sababu chanjo zikipita nyuzi nane za joto zinaharibika, na wimbo wake ni huohuo hata harusini. Umeme hatuna. Kila wiki mbili anavuka kwenda mjini kuchukua chanjo, anarudi nazo kwenye kikasha cha barafu, anachanja siku hiyohiyo. Mtoto aliyelala na homa siku hiyo, shauri yake.

Serikali ilipotangaza ruzuku ya sola kwa visiwa, shangazi akaniita mimi, msomi wa nusu diploma ya umeme. Nikajaza kurasa kumi na nne. Fomu ikarudi: haina bili ya umeme ya miezi mitatu. Tukaazima bili ya baba mdogo wa mjini. Ikarudi: mwombaji tayari ana umeme.

Mara ya tatu tukaipeleka wenyewe, siku ya chanjo, tuvuke mara moja. Ofisi ilikuwa na baridi ya kulaza maiti. Ofisa alivaa sweta na koti juu yake, anapuliza chai. Nyuma yake friji ya kioo, imejaa soda. Alituweka tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane, shangazi kakipakata kikasha chenye chanjo kama mjukuu.

"Mama, bili iko wapi?"

"Mwanangu, umeme hatuna. Ndiyo tunauomba."

"Naelewa, mama yangu. Ila mfumo haukubali bila bili."

"Na nikiwa na bili?"

"Basi una umeme. Hustahili."

Hakucheka. Alisema kama anayenisomea saa ukutani.

"Bosi," nikamwambia, "tukitaka kufia hapahapa, nako kuna fomu yake?"

"Kijana, chunga mdomo."

Shangazi hakutusikiliza. Alikuwa amefungua kikasha. Barafu imekuwa uji, kipimajoto kinasoma nyuzi saba. Ghala la chanjo lilishafungwa saa saba, na kwa boti kisiwani ni safari ya saa tatu nzima. Akainuka, akazunguka meza, akafungua friji, akaanza kupanga soda juu ya rundo la fomu.

"Mama! Hiyo ni friji ya ofisi!"

"Na hizi ni chanjo za watoto arobaini. Zinalala hapa."

Akaziweka na kipimajoto chake katikati, akasubiri kisome tano. Kisha akatoa daftari. Shangazi hamwachii mtu chanjo bila saini, angekuwa mama yake mzazi.

"Utasoma joto saa kumi jioni, na kesho saa mbili asubuhi. Uandike, utie saini."

"Mimi siyo muuguzi!"

"Na mimi siyo kampuni ya umeme, unanidai bili. Saini."

Akasaini. Hakudai kiambatisho hata kimoja, mshenzi yule.

Tukalala kwa baba mdogo. Asubuhi tukachukua barafu mpya ghalani, tukamkuta ofisa kanuna kati ya soda za moto. Daftarini: tano, tano. Shangazi akapanga chanjo kikashani, akauliza habari ya fomu. Akagongewa muhuri: HAIJAKAMILIKA. Wino ulikuwa mbichi, ukamchafua kidole. Akakifuta kwenye sweta la ofisa, taratibu, mpaka kikatakata.

"Wiki mbili zijazo nakuja tena," akamwambia. "Rafu ya kati ni yangu. Usinijazie soda."