Mama Sufuria na kuku aliyeoshwa mara mbili

Saa nne na nusu asubuhi, siku yake ya mapumziko, Mama Sufuria amesimama jikoni kwake, mikono imelowa hadi viwikoni. Mbele yake kuna vipande vinane vya kuku vilivyotakata kama vimetoka buchani sasa hivi. Anashika kichwa, kisha anacheka mpaka anakaa chini.

"Baba watoto, njoo uone! Nimemwosha kuku tena, na viungo vyake vyote!"

Kuku huyo alikuwa amelala usiku kucha kwenye bakuli la mtindi, limau, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na majani makavu ya origano. Ndivyo anavyoandaliwa kuku wa Mediterania kwenye hoteli anakofanya kazi. Mama huyu ameosha vyombo huko miaka kumi na mmoja, sahani zisizopungua mia nne kwa siku. Mkono wake ukikutana na bakuli lenye utando mweupe, hauulizi.

"Mimi nawaza kupanga meza, mkono ushafungua bomba," anasema.

Siku nyingine haya yangekuwa ya kuchekwa tu. Lakini saa nane mchana Mpishi Mkuu wa hoteli anakuja kula. Jikoni kwa hoteli kumepatikana nafasi moja ya upishi, na amemwambia bila kupinda: kuku akitoka vizuri, Mama Sufuria atahama sinki. Kuku akiharibika, nafasi atapewa mwenye cheti. Mama Sufuria cheti hana.

Mumewe, fundi viatu, anachungulia bakuli. "Maji yakimwagika hayazoleki, mama watoto."

"Methali baadaye. Nipe kisu. Si hicho cha viatu!"

Mtindi umekwisha, muda nao unakimbia. Anachanja kila kipande hadi mfupani, anatwanga kitunguu saumu na chumvi, anavisukumiza ndani ya mikato kwa kidole. Anakamua limau, anamimina mafuta, anaacha saa moja na nusu, kisha anatia kwenye oveni. Harufu inapoanza kutoka, fundi viatu anaacha methali zake na kuvuta kiti.

Mpishi Mkuu, mtu wa maneno mengi asiyeacha hata uji upite bila hotuba, leo anakatisha hotuba katikati ili ang'ate tena. Anachukua paja la pili. Mama Sufuria, roho juu, anashindwa kuvumilia na kumweleza yote.

Mpishi anaweka mfupa chini. "Wengine wakiharibu humwaga mchuzi juu ya kosa nisilione. Wewe umekosea, umetengeneza, na umesema. Jumatatu unaanza jikoni, dada. Nani alikufundisha?"

"Mabakuli yako, bosi. Kabla sijayaosha, huwa nayaonja kwa kidole."

Mpishi Mkuu anachovya kidole kwenye sahani yake, anakilamba, anacheka.

Mama Sufuria anafuta machozi ya furaha kwa kanga, na mpango wake tayari anao.

"Atakayeshika sinki baada yangu," anasema, "nitampakulia sahani yake. Akae kitako, ale chakula kikiwa moto, si kwa kusimama kama mimi."