Sala ya Fundi Kesho

Wateja walimbandika jina la Fundi Kesho, na hakuna aliyemwonea. Ukifuata suruali yako leo, njoo kesho. Ukija kesho, unamkuta ameinamia cherehani, pini mdomoni, anakuapia kwamba vimebaki vifungo tu, kumbe kitambaa chenyewe hata mkasi hakijauona. Ulimi wake ulikuwa mtamu, na watu walimsamehe.

Zamani ulimi huohuo ulikuwa wa kanisani. Yeye ndiye aliyekuwa akiombea wagonjwa, na akianza kuomba, hata watoto watundu walitulia. Usidhani alimkana Mungu kwa kishindo. Wapi! Zilikuja sare za shule, akashona Jumapili moja, akasema atakwenda ijayo. Mchungaji alipopita kibandani kumuulizia, alimpima suti na kumwambia, "Kesho, Mchungaji." Mwaka wa kwanza dhamiri ilimsumbua. Wa pili ikamsumbua kidogo. Huu wa tisa alikuwa analala fofofo, na hapo ndipo mtu angepaswa kumlilia.

Basi mama yake akalazwa, na madaktari hawakuficha kwamba hatoki. Fundi alipofika saa za kuona wagonjwa, alimkuta amelala ubavu, amekonda, macho yamezama. Hakutaka uji wala pole.

"Mwanangu, niombee," alisema. "Kama ulivyokuwa ukiniombea zamani."

Fundi akamshika mkono, akafumba macho. "Ee Baba uliye mwema..." Maneno yalikuja yote, hakuna hata moja alilolisahau. Ila alijisikia mwenyewe akiyasema, na sauti ilikuwa ileile ya kuwapoza wenye suruali zao. Akaogopa, akanyamaza. Kisha mazoea yakamponza.

"Mama, leo nimechoka. Nitakuja kesho tuombe vizuri."

Mama akafumbua macho. "Hiyo kesho si ndiyo unayowapa wateja?"

Mama akamgeukia mwanamke wa kitanda cha pili, muuza mkaa aliyevunjika mguu, ambaye hata jina lake hakulijua. "Dada yangu, hebu niombee wewe." Yule akaomba kwa kukwamakwama, akikosea na kurudia, na uso wa mama ukalegea. Fundi alisimama na chupa yake ya uji kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Na huyu kijana wako tumwombee nini?" muuza mkaa akauliza.

"Usimwombee kazi, anayo. Afya anayo pia," mama alisema. "Mwombee aumie. Moyo wake ukiuma, atarudi."

Wakamwombea hivyo, yeye akiwa amesimama palepale.

Mama hakumaliza wiki. Makaburini dada yake fundi alilia mpaka akashikwa huku na huku. Yeye alisubiri. Alisubiri machozi, majuto, hata ile hofu ya kawaida ya mwenye dhambi. Mchungaji alimwekea mkono begani na kumwita ndugu. Aliusikia ule mkono, uzito wake tu, basi. Matanga yalipokwisha akafungua kibanda, akakuta sare aliyoishona upande, akaifumua na kuishona upya, mshono ukanyooka vizuri sana. Alijua kabisa kwamba hakuumia. Na kujua huko pia hakukumuuma.