Koti la Pasta wa Limuru

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Ni siku mimi na mama tulipoingia soko la mitumba la Busia, jua la saa saba likiwa utosini, kutafuta koti la sufu linalofika magotini.

Najua, Ajiambo, umecheka uliposoma hilo neno mwanangu. Tumepishana miaka sita tu, na juzi ulikuwa unanitumia vichekesho kwenye simu. Lakini kwa hesabu ya kwetu mimi ni shangazi yako, dada ya baba yako, na shangazi haulizwi umri. Baba yako amenipigia akasema, "Ongea na mtoto wako." Nilimwuliza kwa nini mimi, akakata simu. Basi nimekalia kiti cha wazee kabla ya mvi, na sina hakika kinanitosha. Ninachojua nitakuambia. Nisichojua pia nitakuambia kwamba sijui, na hicho ndicho kingi.

Wakati huo nilikuwa namaliza mwaka wa pili chuoni, nasoma Kifaransa kama wewe unavyosoma Kijerumani. Nilikuwa nimepata nafasi ya kukaa mwaka mzima katika mji mdogo kaskazini mwa Ufaransa. Chuo kilitupanga vizuri. Tuliambiwa habari za viza, bima, chumba cha kupanga, na namna ya kuvaa nguo juu ya nguo kama maganda ya kitunguu. Mwalimu mmoja alitufundisha hata jinsi ya kumsalimu jirani mnapokutana kwenye ngazi. Hakuna aliyetuambia nani wa kuambiwa nyumbani, na nani aanze kuambiwa. Labda walidhani hilo tumezaliwa nalo.

Kwetu, unajua mwenyewe, safari kubwa haitangazwi. Mtu akipata kazi Katari, majirani hupata habari akishapiga picha akiwa huko, amesimama mbele ya jengo la vioo. Ukiuliza kwa nini, utasimuliwa kisa cha kijana aliyetangaza safari yake kanisani, akapigiwa makofi, na wiki iliyofuata viza ikakataliwa. Kijana huyo kila kijiji kinaye wake. Mama yangu humwamini Mungu siku ya Jumapili, na huogopa jicho la watu siku sita zinazobaki. Nilimwuliza: kama dua zetu zina nguvu, mbona zishindwe na jicho la jirani? Akaniambia niendelee kukunja nguo.

Sasa sikia upande wa pili. Mama huyohuyo alinifundisha kwamba mtu hatoki bomani kwenda mbali bila kumuaga aliye mkubwa kuliko wote. Unakwenda kwa kukhu, bibi yetu, kule Namboboto. Anachukua funda la maji, anakupulizia kifuani, anasema maneno yake, unaondoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Lakini wakuu wakisema mambo mawili yanayopingana, ficha na aga, mguu uvunjike upi? Niliuliza hivyo nikiwa na miaka ishirini na moja. Bado nauliza.

Turudi sokoni. Muuza makoti alikuwa mama mmoja kutoka upande wa Uganda, mwenye maneno. Alinitazama nikijaribu lile koti jeusi, jasho linanitiririka mpaka kwenye kope, akasema, "Nyabo, hili koti ni la Ulaya. Hapa Busia utaiva nalo."

Mama akasema haraka kwamba si langu. Ni la pasta mmoja wa Limuru, kule kwenye baridi, sisi tunampelekea tu zawadi.

Yule mama akanigeuza, akavuta koti kiunoni likanikaa sawasawa. "Pasta mwenyewe ako na kiuno kama hiki? Basi kanisa lake linajaa."

Wauzaji wa jirani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tulilifunga koti ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, tukapanda bodaboda. Tulipofika nyumbani Mundika, kijana wa boda alinishusha akaniambia kwa upole, "Dada, beba na soksi nzito." Hiyo ndiyo siri tuliyokuwa tunaitunza.

Aliyekuwa hajui ni mmoja tu, na huyo ndiye tuliyemdanganya kwa bidii. Mama alisema kukhu ana wageni wengi, na mgeni hana pazia kinywani. Kwa hiyo tukamwambia naenda Eldoret kwa mafunzo. Kukhu alifurahi. Alichota maji kwenye mtungi, akanipulizia kifuani, akaiombea Eldoret, magari ya Eldoret na wenye nyumba wa Eldoret. Nilisimama mbele yake nimelowa shingo, nikijiambia kwamba kwa kuwa siamini mambo haya, hakuna kilichoharibika.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilijirefusha mpaka ikavuka mpaka. Baada ya wiki mbili baba alikuja na habari kwamba kukhu ameamua. Kwa kuwa Eldoret ni hapa tu, na Desemba nitakuwa likizoni, kaburi la babu litajengewa saruji Desemba. Alikuwa amengoja miaka mingi. Katika boma letu konzi ya kwanza ya saruji huwekwa na mjukuu aliyerithi jina la mama wa marehemu, na mama yake babu aliitwa Nabwire, kama mimi. Kukhu alishamwambia katekista. Alishatuma ujumbe kwa wajomba upande wa Uganda, nao wakaahidi fahali.

Desemba mimi ningekuwa Ufaransa, ndani ya koti la pasta.

Mama alisema ni rahisi: nikifika huko nipige simu niseme nafasi imetokea ghafla. Baba alisema tungoje kidogo, bila kusema tunangoja nini. Mimi sikujua. Nikisema kweli, kukhu ataniomba nibaki, na nafasi kama ile haingoji. Nisiposema, mwanamke wa umri ule atasimama kaburini pa mumewe na wakwe na fahali, akinitazamia barabarani. Nilijaribu kulifikiri kama tulivyofunzwa chuoni, faida huku na hasara kule. Nikaona kila upande nikimtia kukhu, mzani unavunjika.

Nikaenda Namboboto peke yangu. Nilimkuta anaanika muhogo juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, anageuza kipande kimoja kimoja. Niliongea nimesimama. Nilisema yote: Ufaransa, mwaka mzima, ndege, koti. Hakusimamisha mikono. Alisema nami kwa Kisamia. Nakuandikia kwa Kiswahili, lakini ujue kwamba kwa lugha yake yalikuwa makavu zaidi.

"Safari mlimficha nani?"

"Watu wabaya, kukhu."

"Wabaya wa namna gani?"

"Wachawi."

"Wewe unaamini wachawi?"

"Hapana."

"Na mimi, mliniambia?"

"Hatukukuambia."

Akageuza kipande kingine cha muhogo, akakipangusa vumbi. "Basi msomi, nieleze. Mmeniweka kundi gani?"

Mwanangu, mimi nimejibu maswali ya walimu waliosoma mpaka wakachoka. Hilo lilinirudisha kwenye kazi yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika makala ndefu chuoni kuonyesha kwamba hofu ya uchawi ni namna ya jamii kuwatenga wanawake wazee. Nilipata alama nzuri. Kisha nikarudi nyumbani nikamtenga wangu, tena bila hata kuwa na ile hofu. Mama angalau alikuwa anaogopa kitu. Mimi nilifuata tu.

Nilimwomba radhi. Akaniuliza kama huko watu hula muhogo. Nikasema sidhani. Akauliza nani atanizika nikifa huko. Nikasema sitakufa. Akasema babu naye alisema hivyo. Sikujua kama anatania.

Mwishowe nikamwuliza kama atanipulizia maji. Hapo ndipo alipoacha muhogo akanitazama.

"Maji yako nilishayatoa," alisema. "Nimeyatuma Eldoret. Sijui kama yanaweza kugeuza njia."

Akainua ungo akaingia ndani. Nilingoja nje kwa muda mrefu, kuku wakinizunguka, na hakutoka. Nilirudi Mundika nikiwa sijaambiwa nenda, sijaambiwa baki. Nikaenda.

Utaniuliza kama mwaka ulikuwa mzuri. Ulikuwa. Lugha iliniingia, wanafunzi walinipenda, koti lilinifaa. Lakini nilipokuwa napanda zile ngazi na kumsalimu jirani kama nilivyofunzwa, mara nyingi niliwaza maji yaliyofika Eldoret yakanitafuta stendi nzima. Siyaamini maji hayo. Mbona basi niliyawaza? Niliuliza hilo kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na lugha zote mbili zilininyima jibu.

Desemba walijenga kaburi. Kukhu hakuahirisha. Baba alinisimulia kwa simu kwamba fundi alipomaliza, kukhu alimfokea. Akamwamuru achimbue pale upande wa kichwa, nafasi ya konzi moja, na aiache wazi. Wajomba walibisha kwamba maji ya mvua yatajaa pale. Akasema yajae. Kisha akampa baba ujumbe aniletee: "Mwambie kuna mahali pamebaki." Sikulala vizuri nikiupima ujumbe huo. Ulikuwa msamaha, au ulikuwa kamba mguuni?

Niliporudi alinikabidhi saruji mkononi bila hotuba. Nikaijaza ile nafasi, nikaisawazisha kwa kiganja. Ukienda utaliona doa hilo, halijafanana na saruji nyingine mpaka leo. Nilimwuliza, "Kukhu, ulinisamehe?" Akasema saruji mpya hukataa kufanana na ya zamani, na nisilitazame sana.

Sasa tuje kwako. Nimesikia nawe umepata mwaka wako wa ugenini, na umenunua buti zenye manyoya ndani. Nimesikia pia kwamba kukhu ameambiwa unakwenda Kisii kwa mafunzo. Jana nilipita Namboboto kumsalimu. Macho yake yamepungua, masikio bado. Aliniuliza polepole, kana kwamba anauliza bei ya chumvi, "Huyo mtoto wa Kisii, baridi ya huko siku hizi ni ya namna gani?"

Jibu si langu.

Nasaha yangu basi ndiyo hii, ichukue na uihoji kama ninavyohoji za wengine. Unapopanga mwaka wa ugenini, usianze na koti wala chumba. Anza na watu utakaowaacha, na umwambie kweli yule ambaye ni vigumu zaidi kumwambia, ungali na muda wa kusimama mbele yake akuulize anachotaka. Sikuambii kwamba ukisema utapata baraka. Mimi nilisema nikakuta zimeshatumwa kwingine. Sikuambii hakuna jicho baya. Sijui, na mama yangu hajalala usingizi mzuri kwa kuliogopa, akinitakia mema. Nakuambia tu kwamba kila unayemficha safari unamweka mahali, hata usipokusudia, na siku moja atakuuliza ni wapi. Mila ukiishika, ishike kwa kuijua. Ukiiacha, iache kwa kuijua. Usiifuate usingizini kama mimi, halafu ukajiita msomi.

Nenda kesho. Asubuhi kukhu huwa nyuma ya nyumba, kwenye lile jiwe. Ukinyamaziwa, vumilia. Ukiulizwa nani atakuzika, usiseme hutakufa.

Uende salama, Ajiambo, na urudi ukiwa na Kijerumani kinywani na Kisamia kikiwa palepale. Wenye ngazi wakuitikie salamu. Buti zisikubane. Nafasi yako isijazwe na mvua wala na mtu mwingine. Na Mungu, ambaye mama ana hakika naye kuliko mimi, ayaangalie maji yatakayopulizwa kifuani mwako, yajue unakokwenda.